Propranololi au bevasizumabu? Njia mbili za kukata kiu ya melanoma, zikilinganishwa kutoka Goma

Goma hakuna anayeshtuka kuona kidonda cha mguu. Tunaishi juu ya mawe ya volkano. Ukitoka nyumbani na kandambili zilizochakaa, jiwe linakukata, unapaka spiriti, unaendelea na safari. Ndiyo maana mama yetu mkubwa alipoota alama nyeusi kwenye kisigino, hakuna aliyeitafutia jina. Yeye alisema ni jiwe, na sisi tukasema ni jiwe. Ilipoanza kuvimba na kutoa damu alikwenda kwenye kituo kimoja cha afya. Wakaikata kwa dakika kumi, wakafunga bandeji, na kile kipande cha nyama kikaishia kwenye ndoo ya takataka. Hakuna labo iliyokiona.

Miezi minane baadaye alama ilirudi palepale, safari hii pamoja na mtoki kinenani. Biopsi, yaani kipande kukatwa na kupimwa labo, ikafanywa kama inavyotakiwa na jibu likaja: melanoma, kansa ya ngozi.

Kikao cha familia kilikaa mtaa wa Majengo, Jumapili baada ya misa. Binamu aliyeko Ubelgiji alikuwa kwenye simu, amesoma juu ya dawa inayokata mishipa ya damu ya uvimbe, bevasizumabu, na alikuwa tayari kuchangisha. Mdogo wangu alikuwa na ujumbe wa WhatsApp uliopita mikono ya watu wengi: dawa ya tansio (presha), propranololi, inazima homoni za kansa. Mama mkubwa alisikiliza pande zote, kisha akanigeukia.

"Sasa mwanangu, ile dawa ya tansio iko hapa kwa jirani. Mbona munataka kuuza shamba ya Masisi?"

Mimi ni muuguzi, si daktari wa kansa. Lakini kwenye familia zetu muuguzi ndiye anayeulizwa kila kitu, kuanzia kikohozi cha mtoto hadi mgawanyo wa urithi. Nilisoma, nikawauliza madaktari niliofanya nao kazi, na siku nane baadaye nikarudi kikaoni na ulinganisho. Ninauandika hapa kwa sababu tangu siku hiyo nimeulizwa swali lilelile na familia nyingine mbili.

Kiu ya uvimbe

Dawa zote mbili zinapigana na kiu. Uvimbe wa kansa ukiwa bado wa milimita moja au mbili unaishi kwa oksijeni inayopenya kutoka kwenye mishipa ya jirani. Ukizidi hapo, seli za katikati zinaanza kukosa hewa, maana oksijeni haifiki mbali ndani ya nyama. Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa Marekani, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe hauwezi kukua bila kujivutia mishipa mipya ya damu, na kwamba anayeizuia mishipa hiyo ataufanya uvimbe udumae. Wengi hawakumwamini kwa miaka.

Mtu wa Goma hahitaji mchoro ili aelewe. Kartiye, yaani mtaa, likijaa watu, robine moja ya maji haitoshi. Kuna anayebeba bidoni kutoka ziwani, kuna anayelipa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imletee, na kuna yule jirani anayechimba usiku, akalitoboa bomba la mtaa na kuvuta mrija hadi uani kwake. Uvimbe ni huyo wa tatu. Nyundo yake ni protini iitwayo VEGF. Seli za kansa zinaimwaga nje, inafika kwenye mshipa ulio karibu, na mshipa unachipua tawi kuelekea kwenye uvimbe. Mishipa inayotokea hapo ni mibovu, imejipinda na inavuja, lakini damu inafika. Uvimbe unanenepa, na kupitia mishipa hiyohiyo seli zake zinapata barabara ya kusafiria mwilini.

Sasa homoni. Hapa watu huchanganya mambo mawili, na nakiri hata mimi niliyachanganya. Kuna homoni ambazo uvimbe unazitengeneza wenyewe, na kuna homoni za mwili ambazo uvimbe unazisikiliza.

Tuanze na za kwanza. Melanoma inatokana na melanositi, seli zinazotia ngozi rangi, na seli hizo tangu kuumbwa ni watumishi wa homoni. Homoni ya MSH ikigonga mlango, zinatengeneza melanini. Ngozi ina kiwanda chake kidogo cha homoni, haingoji kila amri itoke kwenye ubongo. Inatengeneza protini moja ndefu, POMC, kisha inaikatakata. Kipande kimoja ni MSH yenyewe. Kingine ni ACTH, ile ambayo kwenye mwili mzima huziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe kortizoli. Melanoma inarithi kiwanda hicho na kukiendesha bila msimamizi. Kortizoli hutuliza kinga ya mwili. Uvimbe unaomiliki njia ya kuwalaza walinzi unapata faida gani, kila aliyewahi kuibiwa usiku anajua.

Kwenye zile za pili, za mwili, kuna noradrenalini, homoni ya hofu na mbio. Mwili unaitoa mtu akishtuka, akikosa usingizi, akisikia milio usiku. Seli za melanoma zina vipokezi vya kuisikiliza, vile viitwavyo beta. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo ndilo mzizi wa ujumbe ule wa WhatsApp, hata kama aliyeuandika hajui. Waliziwekea seli za melanoma noradrenalini kwenye vyombo vya maabara, nazo zikamwaga VEGF kwa wingi zaidi. Walipotia propranololi, ambayo huziba vipokezi vya beta, ongezeko lile likazimika.

Hapo ndipo njia mbili zinapokutana. Propranololi inamziba masikio yule jirani asisikie amri ya kuchimba, na bevasizumabu inamnyang'anya nyundo. Na tuelewane: propranololi haigusi kile kiwanda cha POMC. Ule ujumbe uliosema "inazima homoni za kansa" ulikosea hapo. Haizimi homoni inayotengenezwa na kansa, inauzuia uvimbe kusikia homoni ya mwili. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu mgonjwa anayeamini kwamba kiwanda kimefungwa ataacha kutafuta tiba nyingine.

Bevasizumabu: nyundo inanyang'anywa

Hii ni kingamwili iliyotengenezwa kiwandani, inaikamata VEGF ndani ya damu kabla haijaufikia mshipa. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa kansa ya utumbo mpana, na baadaye kwa nyingine kadhaa. Melanoma haimo kati ya hizo.

Si kwamba haikujaribiwa. Uingereza walifanya jaribio kubwa la wagonjwa 1,343 waliokuwa wameondolewa melanoma yote kwa upasuaji lakini wakiwa na hatari kubwa ya kurudiwa, wengi wakiwa na mtoki kama mama yetu. Nusu walipewa bevasizumabu kila baada ya majuma matatu kwa mwaka mmoja, nusu waliangaliwa tu. Matokeo ya mwisho yalitoka mwaka 2018. Waliopewa dawa, ugonjwa ulichelewa kidogo kurudi, hatari ikipungua kwa takriban asilimia 15. Lakini walipohesabu walio hai baada ya miaka mitano, pande zote mbili zilikuwa asilimia 64. Sawasawa kabisa.

Nilipousoma mstari huo niliweka simu chini. Kwa binamu yangu wa Ubelgiji haukuwa mstari wa kupendeza.

Kwa nini nyundo inyang'anywe na jirani aendelee kunywa? Sababu moja ni kwamba VEGF si chombo pekee. Uvimbe ukinyimwa hiyo, unaokota nyingine. Sababu ya pili ni ya melanoma hasa. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walieleza jinsi seli za melanoma kali, walizozichunguza kutoka kwenye jicho, zinavyoweza kujipanga zenyewe zikawa vijia vya kupitisha damu bila kuuhitaji mshipa wa kawaida. Yaani jirani ameacha kutoboa bomba, amechimba mfereji kwa mikono yake. Ukimnyang'anya nyundo hapo umechelewa.

Halafu kuna hesabu. Kipimo cha jaribio lile kilikuwa miligramu 7.5 kwa kila kilo ya mgonjwa. Mama mkubwa ana kilo 60, kwa hiyo miligramu 450 kila mara. Chupa zake ni za miligramu 400 na 100, basi anahitaji chupa mbili kila baada ya majuma matatu, mara 17 kwa mwaka. Kila chupa inatunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Anayeishi mji huu anajua umeme wetu ulivyo, na atajiuliza dawa hiyo itasafiri vipi na italala wapi. Inatiwa kwa serumu (dripu) hospitalini, haimezwi nyumbani.

Na ina madhara ambayo kwa kidonda cha mguu yana uzito wake. Dawa inayozuia mishipa mipya inazuia pia kidonda kupona, kwa sababu kidonda nacho hupona kwa kuchipua mishipa. Kwa hiyo haipewi mtu ndani ya siku 28 kabla au baada ya upasuaji mkubwa. Inapandisha tansio. Inaweza kupitisha protini kwenye mkojo, kuleta damu pasipotarajiwa, na kwa wachache utumbo hutoboka.

Propranololi: masikio yanazibwa

Hii ni dawa ya zamani. James Black aliitengeneza Uingereza miaka ya 1960 kwa ajili ya moyo, na mwaka 1988 akapewa Nobeli. Farmasi yoyote ya Goma inaijua. Vidonge vya mwezi mzima mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anaweza kuvilipia kwa faida ya siku chache za soko.

Kwamba inagusa mishipa ya damu si porojo. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walimpa mtoto mchanga propranololi kwa sababu ya moyo. Mtoto huyo alikuwa pia na uvimbe mwekundu wa mishipa usoni, nao ukaanza kusinyaa. Walikuwa hawautafuti huo. Leo propranololi ndiyo dawa ya kwanza kwa uvimbe wa aina hiyo kwa watoto wachanga. Lakini ule si kansa, ni mishipa iliyokua kupita kiasi na ambayo mara nyingi hupungua yenyewe mtoto akikua. Kutoka hapo kuja kwenye melanoma ya mtu mzima ni mwendo mrefu.

Kwa melanoma, utafiti unaotajwa zaidi ulifanyika Florence, Italia. Wagonjwa 53 waliokuwa wamepasuliwa walifuatiliwa. 19 walikubali kumeza miligramu 80 za propranololi kwa siku, 34 hawakumeza. Waliomeza walirudiwa na ugonjwa kwa uchache sana, hatari ikishuka kwa takriban asilimia 80. Ukisoma hapo tu, utakimbilia farmasi usiku huohuo.

Usikimbie. Watu 19 ni wachache, hawajazi hata taxi-bus mbili. Na hawakugawanywa kwa kura. Waliochagua kumeza walijichagua wenyewe, na mtu anayekubali dawa ya ziada mara nyingi ndiye yule anayehudhuria kila miadi na kuuchunguza mguu wake kila asubuhi. Huwezi kujua kilichomsaidia ni kidonge au ni tabia. Jaribio jingine, la Marekani, lilichanganya propranololi na dawa inayoamsha kinga ya mwili kwa wagonjwa 9 ambao melanoma ilikuwa imeshasambaa, na uvimbe ukapungua kwa 7. Inatia moyo. Lakini ni watu 9.

Madhara yake ni ya kawaida na yanajulikana, na ndiyo maana watu huidharau. Mwenye pumu asiiguse, inaweza kumbana kifua akashindwa kupumua. Mwenye mapigo ya moyo ya polepole, vivyo hivyo. Mwenye kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari anaweza kushukiwa na sukari bila kuhisi moyo kudunda, maana dawa imeficha dalili hiyo. Na aliyeizoea asiache ghafla, inapunguzwa polepole, la sivyo moyo unalipiza. Haya nayasema kwa herufi kubwa moyoni kwa sababu kidonge cha bei rahisi hakina mtu wa kukisimamia. Serumu ya bevasizumabu angalau inamlazimu mgonjwa kuonana na muuguzi kila baada ya majuma matatu.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa bei hakuna mashindano. Kwa upatikanaji pia hakuna. Moja iko barabarani, nyingine inahitaji kuvuka mpaka na friji isiyolala.

Kwa ushahidi, jambo limegeuka kichwa chini kuliko familia yetu ilivyotarajia. Dawa ya gharama ndiyo iliyopimwa vizuri, na kipimo hicho kizuri kimesema haiongezi maisha. Dawa ya rahisi haijapimwa vya kutosha, na vipimo vidogo vinasema huenda inasaidia. Kati ya jibu la uhakika la "haiongezi" na jibu la shaka la "huenda", utachagua lipi? Mimi sikuona sababu ya kuuza shamba kwa ajili ya jibu la kwanza. Niliwaambia hivyo bila kuzunguka, na simu ya Ubelgiji ikanyamaza kidogo.

Kuhusu propranololi, msimamo wangu ni huu. Kama mgonjwa anayo tansio, na daktari anamtafutia dawa, na hana pumu wala tatizo la mapigo ya moyo, inafaa kumwuliza daktari kama propranololi inaweza kuwa miongoni mwa chaguo. Huyo angemeza dawa ya tansio hata hivyo. Lakini mtu ambaye tansio yake ni ya kawaida aanze kumeza kwa ajili ya kansa peke yake, kwa sababu ya ujumbe wa simu? Hapana. Mama mkubwa alikuwa na historia ya pumu ya utotoni ambayo hakuna aliyeikumbuka isipokuwa dada yake aliyekuwa jikoni. Mjadala wa kidonge cha jirani uliishia hapo.

Ya tatu, ambayo hakuna aliyeiuliza

Nikiwa nasoma nilikuta kwamba ulimwengu wa melanoma umehamia upande mwingine kabisa. Badala ya kukata maji ya uvimbe, dawa mpya zinawaamsha walinzi: pembrolizumabu, nivolumabu, ipilimumabu. Wataalamu wawili waliofungua njia hiyo, James Allison na Tasuku Honjo, walipewa Nobeli mwaka 2018, mwaka uleule ambao Daktari Mukwege wa Bukavu alipewa ya amani.

Kwa watu wenye mtoki uliokwisha kupasuliwa, kama mama yetu, pembrolizumabu ililinganishwa na serumu tupu isiyo na dawa katika jaribio la watu 1,019. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hawajarudiwa na ugonjwa ni karibu asilimia 75 kwa waliopewa dawa, na 61 kwa wasiopewa. Kwa melanoma iliyokwisha kusambaa, waliochanganyiwa nivolumabu na ipilimumabu, asilimia 43 walikuwa hai baada ya miaka 10. Zamani melanoma iliyosambaa ilikuwa hukumu ya miezi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziweka nivolumabu na pembrolizumabu kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya melanoma hiyo.

Lakini kuna la kuongeza, na ni la watu weusi hasa. Melanoma ya unyayo, kiganja na chini ya kucha, ambayo ndiyo ya kawaida kwetu, haizaliwi na jua kama ile ya Wazungu, na inaitikia dawa za kinga kwa kiwango cha chini kidogo. Wagonjwa wa majaribio yale makubwa walikuwa karibu wote watu weupe. Kwa hiyo zile asilimia zisomwe kama dirisha, si kama ahadi.

Na homoni zinarudi hapa kwa mlango wa nyuma. Walinzi walioamshwa wakati mwingine wanazipiga tezi za mwili wenyewe: tezi ya shingo, tezi iliyo chini ya ubongo, tezi za juu ya figo. Mgonjwa anachoka bila sababu, anatapika, tansio inaanguka. Huko sio kansa, ni homoni zilizokauka, na anaweza kuhitaji vidonge vya homoni maisha yake yote. Muuguzi wa nyumbani kwenu ajue hilo, maana hapa kwetu uchovu wa aina hiyo utaitwa malaria mara tatu kabla ya mtu kufikiria tezi.

Bei ni kubwa, na mjini kwetu dawa hizo ni ngumu kuzipata. Za kuulizia ni hospitali kubwa za Kigali, Kampala na Nairobi. Nilimwambia binamu: kama mchango wako ni wa kununua dawa ya serumu, usiulizie bevasizumabu, ulizia hii.

Kabla ya yote: je, ni melanoma kweli?

Sehemu hii ningeiweka mwanzo, lakini kikaoni ilikuja katikati ya kelele na hapa nimeiacha baada yake.

Ukanda wetu wa Maziwa Makuu una ugonjwa mwingine unaoleta vivimbe vyeusi au vya zambarau miguuni: sarkoma ya Kaposi. Kwa macho, kwenye ngozi nyeusi, vinaweza kumdanganya hata daktari. Lakini Kaposi si uvimbe unaovuta mishipa ya damu tu, ni seli za mishipa yenyewe zilizoasi, zikisukumwa na virusi viitwavyo HHV-8, vilivyogunduliwa mwaka 1994. Mwenye VVU anaanza na dawa za kupunguza makali, na mara nyingine hizo tu zinausinyaza ugonjwa. Ikiwa kubwa, kuna dawa za kansa kama paklitakseli. Kwa kawaida Kaposi haitibiwi kwa kisu kipana kama melanoma. Yaani jibu la labo linageuza kila kitu nilichokwisha kuandika hapo juu.

Na hapa kuna homoni moja inayouzwa barabarani ambayo inanikera kuliko zote: kortizoni. Vidonge vya deksametasoni na prednisoloni, krimu za klobetasoli zinazotumika kujichubua, zote ni ndugu za kortizoli. Mtu akivimba mguu anapewa "ya kupunguza uvimbe". Kwa Kaposi, dawa za kundi hilo zinaweza kuuchochea ugonjwa ulipuke, jambo linalojulikana na madaktari kwa miaka mingi. Nimeona mguu ulioanza na vivimbe vitatu ukajaa hadi gotini baada ya majuma machache ya vidonge vya rangi nyeupe visivyo na karatasi. Uvimbe mweusi mguuni usipakwe wala kumezewa kortizoni kabla labo haijautaja jina.

Pesa zikitosha kitu kimoja

Familia nyingi za hapa hazichagui kati ya dawa tatu. Zina kiasi kimoja cha pesa na swali moja: kiende wapi? Kwangu jibu ni kisu na labo.

Kisu, lakini si cha dakika kumi. Melanoma hupimwa unene kwa milimita chini ya darubini, njia aliyoianzisha Alexander Breslow mwaka 1970, na unene huo ndio unaomwambia mpasuaji aache nafasi gani ya ngozi nzima pembeni. Isiyozidi milimita 1, sentimita 1 pembeni. Iliyozidi milimita 2, sentimita 2. Kwenye kisigino hilo ni shimo kubwa linalohitaji kuzibwa kwa ngozi ya mahali pengine, na mgonjwa hatakanyaga kwa majuma. Ndiyo maana watu wanakimbia. Mwanamuziki Bob Marley alidhani kidole chake kimeumia kwenye mpira. Melanoma ilipogunduliwa mwaka 1977 alikataa kidole kikatwe, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Iliyo nyembamba, ikiondolewa mapema kwa upana unaotakiwa, wengi hupona bila kuhitaji hata tone la dawa yoyote niliyoitaja. Haijapata muda wa kutoboa bomba. Kwa hiyo alama nyeusi kwenye unyayo inayopanuka, mstari mweusi unaonenepa chini ya ukucha mmoja, sugu inayotoa damu, kidonda cha jiwe ambacho miezi mitatu hakijafunga: hivyo ndivyo vya kupelekwa kabla ya mtoki.

Kwa mama mkubwa tulikuwa tumechelewa hatua moja. Kisigino kilikatwa upya kwa upana na mtoki ukaondolewa. Binamu anaendelea kuchangisha, na faili limetumwa Kigali kuulizia dawa ya kinga. Shamba la Masisi bado lipo.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini kule mwanzo ndilo lililotuangusha. Biopsi ikifanywa, omba vitu viwili viandikwe kwenye karatasi: unene kwa milimita, na kama kingo za kipande ni safi. Halafu uliza kipande chenyewe kimehifadhiwa wapi. Labo hukizamisha kwenye nta kikawa kijiwe kidogo, kinakaa kwenye bahasha ya kawaida bila friji. Kijiwe hicho, pamoja na vioo vyake vya darubini, ndicho utakachovuka nacho Petite Barrière, mpaka wetu na Rwanda, ukienda hospitali ya kansa ya Butaro au Kigali, au ukipanda basi la Kampala. Labo ya huko itakikata upya wembamba kama karatasi na kukipima inavyotaka, hata baada ya miaka, bila kumchoma mgonjwa sindano nyingine.